Uzoefu wangu: nilivyokaguliwa breki, tairi na miguu ya IST yangu, Tanga

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004. Naishi Makorora na kazi yangu iko Muheza, kwa hiyo kila siku niko barabarani. Miezi miwili iliyopita ikaanza kugonga mbele kushoto kila nikivuka tuta: ngo, ngo. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Kijana akaizungusha mtaa mmoja, akarudi na jibu: "Dada, gari imekufa miguu. Shokapu zote nne, diski mbili za mbele, na bushi." Tairi akazisifia, eti kashata, yale meno ya tairi, bado zimejaa. Hesabu yake ilipita milioni moja, na hakuwa ameinua gari wala kufungua gurudumu hata moja.

Tulikuwa na shughuli ya familia Lushoto na mimi ndiye wa kumpeleka mama. Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Soni ataelewa kwa nini sikutaka kubahatisha: kona juu ya kona, bonde pembeni, na wakati wa kurudi ni mteremko mtupu. Shemeji yangu akanielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima Ngamiani. Huyu anatoza ukaguzi peke yake, shilingi 20,000, halafu unaamua mwenyewe utengeneze kwake au kwingine. Huduma hiyo ndiyo ninayoielezea hapa.

Nilifika saa mbili asubuhi. Nilipomwamkia, hakuuliza gari inalia wapi. Akapiga jeki, akaweka stendi, akatoa magurudumu yote manne. "Njoo uone mwenyewe, mwanangu," akaniita. Kila alichokigusa alinionyesha.

Breki ndizo zilizonishtua. Mimi huwa nachungulia pedi kupitia matundu ya rimu, na siku zote naziona nene. Kumbe hapo unaona pedi ya nje tu. Alipofungua kalipa ya kushoto, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, akaziweka mbili mkononi: ya nje ilikuwa na milimita 6, ya ndani 2. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka na kushika kutu, kwa hiyo pedi moja ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote. Pedi mpya huwa na milimita 10 au zaidi kidogo, na ikifika 3 hupaswi kungoja tena. Nikamuuliza mbona haikulia. Akanieleza kwamba si kila pedi inayouzwa madukani ina kile kichuma cha kupiga mluzi ikikaribia kuisha.

Zile diski nilizoambiwa zimekufa alizipima kwa kifaa cha kupimia unene, akafuta kutu pembeni na kunionyesha unene wa mwisho uliochongwa kwenye chuma chenyewe. Zilikuwa bado juu ya kipimo hicho na hazina mikwaruzo ya kina. Zikabaki. Breki shuu za nyuma nazo zilikuwa nzima.

Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Watu wengi huongeza tu yakipungua, nami nilikuwa hivyohivyo. Mafuta haya hunyonya unyevu kidogo kidogo, na ndiyo maana hushauriwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta haya, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka kwenye mteremko yanaingia mapovu, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Nilimfikiria mama na ile miteremko ya Soni, nikamwambia ayamwage yote, aweke mapya na atoe upepo.

Kwenye tairi ndipo nilipotaka kubishana. Akachomeka sarafu kwenye kashata, ikazama vizuri, juu kabisa ya vile vibonge vya kuonyesha tairi limeisha, ambavyo hukaa kwenye milimita 1.6. Nikasema basi tairi ni zima. Akachukua kitambaa, akafuta ubavuni karibu na alama ya tairi yenye herufi DOT, akaniambia nisome tarakimu nne za mwisho: 2213. Yaani lilitengenezwa wiki ya 22, mwaka 2013. Halafu akaukandamiza ubavu kwa kidole gumba, mpira ukafunguka nyufa ndogondogo kama magaga ya kisigino. Zote nne zilikuwa hivyo. Mpira hukauka kwa jua na umri hata kama gari haitembei, na kwenye joto la mwendo mrefu tairi la namna hiyo linaweza kubanduka au kupasuka. Watengenezaji wengi wanataka tairi litoke likifika miaka kumi, hata kama kashata zipo. Nilikuwa nikienda nazo kasi kila siku kwa amani kabisa.

Na ule mlio wa "ngo, ngo" ulionifanya nikose usingizi? Linki za stebilaiza, vijiti vya kuunganisha mguu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Vitu vya bei ndogo, akafunga mbili mpya kwa muda mfupi. Shokapu zote zilikuwa kavu, hazina mafuta yaliyovuja, na tairi hazikuwa na yale mabonde mabonde yanayoletwa na shokapu iliyokufa. Bushi, yaani mipira, za lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, kweli zilikuwa zimechanika. Ndiyo maana tairi la mbele kushoto lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani. Hapo yule kijana alipatia.

Jumla, pamoja na tairi nne, bado ilikuwa chini ya hesabu ya kwanza. Wakati wa kununua tairi soma tarakimu mwenyewe kabla ya kulipa. Duka la kwanza lilinitolea tairi "mpya" lenye miaka sita stoo, nikalirudisha.

Kasoro zipo. Kazi ilikwisha saa kumi jioni, na kivuli ni mwembe mmoja tu. Risiti hadi nilipoomba. Hana mashine ya alaimenti, yaani ya kunyoosha magurudumu, ikabidi niende kwingine siku ya pili, na ukibadilisha bushi bila kufanya alaimenti utakula tairi mpya ndani ya miezi michache.

Lushoto tulikwenda na kurudi. Kushuka niliweka gia ya chini, pedali ikabaki juu ileile hadi Mombo, na mama alilala njia nzima. Nyuma ya kitabu cha gari nimeandika vipimo vya siku ile: pedi mpya milimita 11, shuu 3, tairi na tarehe zake. Baada ya miezi sita nitarudi Ngamiani apime tena.