Jarida la bure, ila kaa na kamusi

Nafanya kazi ofisi ya afya ya wilaya. Kila msimu wa bajeti naulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Safari hii nilifungua Jarida la Utafiti wa Afya la Afrika Mashariki, linalotolewa na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya yetu, yenye makao yake Bujumbura. Kusoma ni bure. Makala ilishuka kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Raha yake ni kuchungulia kwa majirani: ya Uganda utadhani ni ya zahanati zetu. Ila Kiingereza kitupu! Nililala saa saba usiku nikimtafsiria mweka hazina kurasa mbili. Akasoma, akavua miwani: "Kumbe na wenzetu wanaishiwa dawa?" Nyota nne.