Huduma ya chanjo ya UVIKO-19: kutoka kichupa mpaka cheti

Kichupa cha Janssen, chanjo ya UVIKO-19 ya mchomo mmoja, kilikuwa na dozi 5. Ukilishika hilo, umeshaelewa nusu ya mazuri na nusu ya kero za huduma ya chanjo ya UVIKO-19 Tanzania Bara. Ndiyo chanjo iliyotangulia: dozi 1,058,400 zilitua Dar es Salaam Julai 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zikiwa msaada wa Marekani, na tarehe 28 ya mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Gawa kwa 5 upate vichupa 211,680, kwa nchi yenye watu karibu milioni 60. Baadaye zikaja Sinopharm, Pfizer na Moderna, lakini mtaani ukisikia mtu anasema "mimi nilishachanja", mara nyingi alimaanisha ile ya mchomo mmoja.

Kwa uchaguzi huo huduma inastahili alama za juu. Kenya walianza mapema zaidi, Machi 2021, na AstraZeneca ya dozi mbili. India iliposimamisha kuuza nje, waliochoma ya kwanza wakabaki wanahesabu siku, na nafasi kati ya dozi ikasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Sasa mwambie mfugaji wa Simanjiro arudi baada ya wiki 12. Keshahama na ng'ombe wake. Janssen ni nusu mililita, haichanganywi na kitu, na inakaa miezi kadhaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Zahanati yenye friji ya chanjo za watoto ilikuwa tayari imeshajitosheleza. Kwenye majaribio ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa takriban 66%, na ugonjwa mkali kwa takriban 85%. Pfizer ilikuwa na namba nzuri zaidi, lakini ilitaka jokofu la nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ina mwezi mmoja tu kwenye friji.

Kero sasa. Kichupa kikishatobolewa mara ya kwanza, kinatumika ndani ya muda wa saa 6 kikiwa kwenye baridi, kisha kilichobaki kinamwagwa. Mteja mmoja anafika saa 9 alasiri, peke yake. Muuguzi akifungua, dozi 4 zinaweza kwenda na maji, na yeye ndiye atakayejaza kwenye ripoti ya mwezi kwamba zimepotea. Ushauri wa kitaalamu uko wazi: fungua hata kwa mtu mmoja, kwa sababu aliyerudishwa leo huenda asirudi tena. Ila ushauri ni kitu kimoja na hofu ya kuulizwa "hizi 4 umezipeleka wapi?" ni kitu kingine. Kilichosikika dirishani ni "subiri wenzako wafike watano" au "njoo kesho asubuhi". Aliyepanda daladala mbili kufika hapo anaelewa kwamba chanjo yenyewe si ya muhimu kiasi hicho. Ndiyo maana waliofika kwa makundi, wafanyakazi wa ofisi moja au watu wa kwaya, walihudumiwa haraka, na mama aliyejitokeza peke yake akazungushwa. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kwenda saa 3 asubuhi, au kupanga na majirani wanne. Lakini huduma ya bure isiyomdai mtu fedha isimdai pia atafute wenzake.

Mezani kazi ilikuwa nzuri kuliko sifa zake. Kitambulisho (namba ya NIDA, kadi ya mpigakura, leseni au pasi), fomu ya ridhaa, maswali, mchomo, kadi. Sindano inachomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Ikipanda juu mno inagusa kiungo cha bega, na hayo ndiyo maumivu yanayodumu wiki kadhaa, ambayo watu huyatupia lawama dawa wakati kosa ni la mkono uliochoma. Bomba ni lile linalojifunga lenyewe baada ya kutumika, halirudishwi kifuniko, linatumbukizwa moja kwa moja kwenye sanduku la kutupia sindano, na sanduku linafungwa likifika robo tatu. Wanaokaa karibu na meza waangalie hapo tu: sanduku lililojaa hadi sindano zinachungulia mdomoni ni kituo cha kukimbia.

Baada ya mchomo unakaa dakika 15, au 30 kama uliwahi kupata mzio mkali. Hapa huduma ilipoteza alama. Dakika hizo si adabu. Mzio unaoweza kuua hujitokeza mara nyingi ndani ya muda huo, na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio huo, iko kwenye trei ya muuguzi, haiko nyumbani kwako. Lakini benchi la kusubiria likiwekwa juani, au katikati ya wagonjwa wanaokohoa, nani atakaa?

Kuna kosa jingine la maswali ya mezani. Wengi wenye presha na kisukari walijiondoa wenyewe wakidhani chanjo "haiwafai". Kinyume chake, walikuwa kwenye kundi la mwanzo kabisa, pamoja na watumishi wa afya na wenye miaka 50 na zaidi. Wa kuahirishwa ni mwenye homa kali siku hiyo. Wa kukataliwa ni mwenye mzio wa viambato vya chanjo yenyewe. Presha iliyopanda kwa sababu ya kuogopa sindano inapimwa upya baada ya dakika chache za kupumzika.

Neno lililoleta utata kuliko yote ni "maudhi". Kwa lugha ya watoa huduma, maudhi madogo madogo ni mkono kuuma, kichwa, uchovu, homa ya siku moja au mbili. Madhara ni kitu kingine. Kwa mwananchi yote ni mamoja: kaambiwa haina madhara, usiku anatetemeka chini ya shuka mbili, asubuhi anahitimisha kwamba kadanganywa, na jirani anayemwona hachanji tena. Muuguzi aliyesema "kesho unaweza kuamka na homa, kunywa parasetamoli, keshokutwa itakuwa imeondoka" aliokoa mtaa mzima kwa sentensi moja. Walio wengi walisema "haina shida" wakaita anayefuata.

Na yale madhara halisi ya Janssen yalipaswa kutajwa kwa jina. Ni kuganda kwa damu kunakoambatana na kupungua kwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu kwenye jeraha), nadra sana, na kwa sehemu kubwa kulionekana kwa wanawake walio chini ya miaka 50. Marekani walisimamisha chanjo hiyo kwa siku 10 Aprili 2021 kwa ajili hiyo, kabla haijafika kwetu. Dalili huja ndani ya wiki mbili au tatu: kichwa kisichotulizwa na dawa, tumbo kuuma sana, mguu mmoja kuvimba, kukosa pumzi. Kuyaficha hakukumlinda mtu, kwa sababu habari zilikuwa tayari kwenye simu za watu, bila maelezo ya unadra wake wala dalili za kuangalia.

Maana watu hawakufika dirishani wakiwa karatasi tupu. Takwimu za maambukizi ziliacha kutolewa tangu Mei 2020. Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alitilia shaka chanjo za nje hadharani, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Kila nyumba ilikuwa na sufuria ya nyungu: mchaichai, tangawizi, majani ya mwarobaini, shuka kichwani. Miezi sita baadaye wahudumu walewale wanaambiwa wahimize watu wachanje. Aliyesita hakuwa mbishi. Alikuwa anakumbuka alichoambiwa. Ikaongezeka kwamba Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alikuwa anahimiza chanjo huku Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, akiipinga madhabahuni, na kijiweni ukisikia "Gwajima kasema" ilibidi uulize yupi.

Fomu ya ridhaa nayo, iliyokusudiwa kuheshimu hiari, ilitisha. Kwetu mtu husaini hospitali akiwa anaingizwa chumba cha upasuaji. Ukimpa karatasi ya kusaini kwa sindano ambayo mwanawe huchomwa kliniki bila saini, unamwambia kuna jambo. Ilitakiwa isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, si kuoneshwa mahali pa kuweka dole gumba.

Uvumi kwamba chanjo inatia sumaku mwilini ulijibika mezani kwa sarafu: bega lenye jasho au mafuta linanata sarafu hata la asiyechanja, ukilipaka unga wa mtoto inadondoka. Ule wa nguvu za kiume na kufunga kizazi haukujibika kwa mzaha, na vituo vilivyokuwa na mwanamume wa kuongea na wanaume faragha vilifanya vizuri kuliko bango. Hata neno lenyewe lina historia yake. Kuchanja ni kuchanja kuni, na ni kuchanjwa chale kwa mganga, kwa hiyo bibi anayeuliza "mnanitia nini mwilini?" anauliza swali la lugha yake mwenyewe.

Huduma ilibadilika ilipoacha kungoja watu. Mpango Harakishi na Shirikishi uliopeleka chanjo sokoni, stendi, misikitini baada ya Ijumaa na nyumba kwa nyumba ndio ulioivusha nchi: kutoka chini ya 3% ya watu waliokamilisha chanjo mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya nusu mwaka uliofuata. Anayebisha hodi akiwa na mhudumu wa afya wa mtaa huo hajibiwi kama mgeni.

Ila mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye baridi njia nzima, unahitaji jicho nje ya kituo. Pakiti za barafu zikitoka kwenye jokofu haziingii moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo. Zinaachwa nje mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukiziweka zikiwa jiwe, Sinopharm inaganda, na kwa kuwa ina kiambato cha alumini, ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka vizuri. Vichupa vyake vina alama ya joto: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana nalo au kuwa mweusi zaidi, tupa. Janssen haikuwa na alama hiyo, kwa hiyo hapo unategemea kipimajoto na uaminifu wa aliyebeba. Pfizer ndiyo iliyosumbua mikono kwa sababu ya hesabu: maji ya chumvi mililita 1.8 kwenye kichupa, pindua taratibu mara 10 bila kutikisa, kisha 0.3 kwa kila mtu, dozi 6. Aliyezoea 0.5 ya Janssen akivuta kwa mazoea anatoa dozi 4 na kumzidishia kila mmoja.

Kuhusu cheti hakuna mengi. Kadi ya mkononi hapohapo, na cheti chenye msimbo wa QR kupitia mfumo wa wizara, kilichochelewa au kuwahi kutegemea data iliingizwa lini. Kilichokwamisha ni tahajia: kadi imeandikwa Hadija, pasi ni Khadija, na mashine ya uwanja wa ndege haikujua kwamba ni mtu mmoja. Kwa marekebisho ilikuwa busara kubeba pasi na ile kadi ya mwanzo.