Sungura aliyenyimwa masikio: uzoefu wangu na seti ya kroshia ya mraba wa blanketi

Sungura akikosa masikio marefu si Sungura tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo muuzaji wa seti hii amekataa kulielewa mpaka leo, pamoja na picha zote nilizomtumia na maneno yote niliyomwandikia kwa adabu.

Miezi kadhaa iliyopita niliagiza seti ya kufuma mraba mmoja wa blanketi wenye picha ya Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewazungusha Fisi na Simba. Kwenye tangazo amesimama kando ya kisima, sikio moja liko wima, jingine limelegea kidogo, na jicho lake linakwambia kabisa kwamba kuna mtu yuko karibu kuchezewa shere. Nilimpenda papo hapo. Nilikuwa namfumia blanketi mtoto wa kaka yangu, ambaye halali mpaka asimuliwe Sungura, na mraba huu ndio niliutaka ukae katikati, miraba ya rangi tupu iuzunguke. Unene wa uzi, saizi ya sindano na idadi ya rangi vyote vimeandikwa kwenye ukurasa wao, anayetaka akasome huko.

Haki yake nimpe: uzi ni mzuri. Haukwaruzi, haupasuki ncha ya sindano ikipita, na ile kahawia ya manyoya ni kahawia ya sungura wa porini hasa. Kwa uzi peke yake ningetoa nyota nne bila kufikiri mara mbili.

Kazi yenyewe inaanzia chini: majani, miguu, tumbo, uso, na masikio ndiyo ya mwisho. Sasa elewa ubaya wa mpangilio huo. Unafuma wiki baada ya wiki, tumbo linaonekana nene kidogo, unajiambia ni uzi mpya, utatulia. Unafika usoni. Hapo nilisahau kila kitu, kwa sababu macho ya chati hii, yaani mchoro wa vijumba unaoufuata ukifuma, yamechorwa na mtu anayejua. Ni mishono michache tu ya uzi mweusi, na katikati yake mshono mmoja mweupe. Unabadilisha rangi pale mshono uliotangulia unapobakiza kuvutwa mara ya mwisho: unaacha mweusi, unavuta mweupe, unafuma mshono mmoja, kisha unarudi kwenye mweusi kwa namna ile ile. Mshono mmoja! Na ghafla kitambaa kinakuangalia. Nimefuma kwa miaka mingi na sijawahi kufurahia mshono kama ule.

Kisha nikafika kwenye masikio, nikamaliza, nikatandaza kazi mezani. Masikio yalikuwa vinundu viwili vinene juu ya kichwa kipana. Nikachukua utepe nikapima. Upana, sentimita 37.5. Kimo, sentimita 30. Kitu walichokiuza kama mraba hakikuwa mraba, na miraba yangu mingine yote ilikuwa imekwisha, inangoja cha katikati tu.

Sababu yake si fumbo. Chati imechorwa kwa vijumba vya pande sawa, 60 kwa 60, na kila kijumba ni mshono mmoja. Kwenye karatasi Sungura anapendeza. Lakini mshono mfupi wa kroshia, ambao ndio unaofumwa hapa, hauna pande sawa, upana wake unazidi kimo chake. Kwa uzi huu na sindano hii waliyotuma wao wenyewe, sentimita 10 za upana zinabeba mishono 16, na sentimita 10 za kwenda juu zinabeba mistari 20. Gawanya mwenyewe uone. Kila kilichomo kwenye picha kinabonyezwa kutoka juu, na anayeumia zaidi ni yule ambaye uzuri wake wote uko kwenye kurefuka. Na kinachonichoma roho ni kwamba vipimo hivyo, 16 na 20, wamevichapisha wao, juu kabisa ya karatasi ya maelekezo. Waliviandika, wakaviacha pale, wakachora kana kwamba havipo.

Nikamwandikia muuzaji. Nilimwita ndugu, nikamshukuru kwa uzi, nikaambatisha picha na vipimo, nikamwomba chati iliyorekebishwa. Sikudai hata kurudishiwa hela. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: “Dada, wateja wengine wote wamefurahi. Mkono wako umelegea. Kaza mkono.”

Mkono ukikazwa, mishono inabana upana na kimo kwa pamoja. Sungura anakuwa mdogo, umbo lake linabaki lile lile la kubonyea. Nikameza hasira nikamweleza hivyo. Akajibu: “Basi kiloweshe, ukivute, ukibane kwa pini.” Uzi wake ni akriliki! Sufu ukiilowesha, ukaivuta na kuibana mpaka ikauke, inashika umbo uliloipa. Akriliki ikikauka inarudi ilikotoka. Ukiipiga mvuke itakubali kiasi, ila mvuke ukizidi kitambaa kinalegea moja kwa moja na hakirudi tena. Tena hakuna mvuke wa kuongeza sentimita saba na nusu. Mtu anauza uzi na hajui uzi wake unavyofanya ukilowa, au anajua na anataka niharibu kazi yangu ili mazungumzo yaishe. Nilipouliza lipi kati ya hayo mawili, nikaandikiwa: “Wewe unayejua sana si uchore chati yako?”

Baada ya hapo sikumwandikia tena ndugu.

Nilichofanya ni kurudi kuikagua ile picha ya tangazo, nikaikuza mpaka nikaona nyuzi. Maelekezo yao yanasema ufume mstari, ugeuze kazi, ufume mstari unaofuata. Ukifuma hivyo kwa mshono mfupi, mstari mmoja unaonyesha uso wake na unaofuata unaonyesha mgongo, kwa zamu mpaka juu, na mtu yeyote aliyeshika kroshia anazijua zile tuta ndogo za mgongo. Kwenye picha yao hakuna mgongo hata mmoja. Mistari yote inaonyesha uso, kuanzia majani mpaka ncha ya sikio. Ama mfumaji wao alikata uzi kila mwisho wa mstari na kuanza upya upande ule ule, jambo ambalo maelekezo hayalitaji popote, ama kitu kile hakikufumwa kamwe na kompyuta ndiyo iliyokipaka sura ya uzi. Mimi naamini hilo la pili, na naliandika nikiwa na akili timamu. Wameuza chati ambayo hakuna aliyeijaribu.

Kuna na suala la nyuzi za kubebwa. Maelekezo yanataka rangi zote zipitishwe ndani ya mishono kwa upana wote wa mstari, hata mahali zisipotumika. Nyeusi ikipita ndani ya krimu, inaonekana kwa nje kama uchafu. Hilo nililitatua mapema kwa kutumia kibonge kidogo cha uzi kwa kila eneo la rangi na kuviacha vining'inie nyuma. Inachosha, vinasokotana, ila mbele panabaki safi.

Kabla sijakifumua, mtoto wa kaka yangu alikiona mezani. Akakiangalia sana. Akauliza, “Shangazi, huyu dubu ni wa nani?” Sina la kuongeza hapo.

Basi nikachora chati yangu, kama nilivyotukanwa nifanye. Hesabu yake ni nyepesi na nawapa bure mlionunua: ili mishono 60 itoe mraba kamili mnahitaji mistari 75, si 60. Fuateni chati kama ilivyo, lakini kila mkimaliza mistari minne, ule wa nne urudieni. Kwa kuwa mnageuza kazi, mstari wa kurudia utasomwa kutoka upande wa pili, na mistari yote inayofuata itageuka mwelekeo pamoja nao, kwa hiyo wekeni alama pembeni. Pale jichoni msirudie kwa upofu. Mshono mweupe uacheni uwe mmoja, mstari wa ziada uingizeni chini ya jicho, la sivyo ule ujanja wote unapotea. Mara hii sikio lilipanda, likapanda, likawa sikio. Nililipima upana na urefu nikalipapasa kama mtu aliyepata kitu chake kilichoibwa.

Halafu krimu ikaniishia. Uzi uliokadiriwa kwa mistari 60 haumalizi 75, hiyo nayo ni hesabu. Nikamwomba muuzaji aniuzie kibonge kimoja tu, cha mkupuo ule ule wa kutia rangi, kwa sababu krimu ya mkupuo mwingine haifanani hata jina likiwa lile lile. Akasema hawauzi uzi mmoja mmoja, ninunue seti nyingine nzima. Seti nzima! Pamoja na chati yake ile ile mbovu! Nimemalizia kwa krimu ya kwingine, na sasa juu ya paji la uso wa Sungura kuna mpaka unaoonekana mchana kweupe, krimu ya chini ina joto na ya juu imepauka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota tatu, kwa heshima ya uzi. Nilipofika kwenye “kaza mkono” zilishabaki mbili. Sasa hivi natoa moja, na hiyo moja namtolea aliyechora macho, si aliyejibu ujumbe. Ila sitasema msinunue. Nimetafuta sana na sijaona Sungura mwingine mwenye jicho lile, na chati ikirefushwa anatoka vile vile nilivyomsikia tangu utotoni. Nunueni kama mnampenda Sungura kuliko mnavyojali kujibiwa vizuri, na tafuteni krimu ya kutosha kabla hamjafuma mstari wa kwanza. Muuzaji naye akiongeza mistari 15 kwenye faili lake na kuweka picha ya kitambaa kilichofumwa kweli, nitarudi hapa nibadilishe nyota zangu siku hiyo hiyo.