ASMR na usingizi wangu: uzoefu wa miezi saba wa mtu aliyeokoka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeona wengi wanauliza kama mkristo anaruhusiwa kusikiliza ASMR, yaani zile video za sauti ndogondogo kama kunong'ona au kugongagonga kitu, zinazomsisimua na kumtuliza mtu, na majibu mengi yanatoka kwa watu ambao hawajasikiliza hata dakika tano, huyu anasema ni mapepo, yule anasema ni uchafu. Mimi nimeitumia karibu kila usiku kwa miezi saba kwahiyo naandika nilichokiona mwenyewe.

Nilianza kwasababu usingizi ulikuwa umenikimbia kabisa. Napanda kitandani saa nne, saa nane bado macho makavu, naifikiria kazi, nafikiria neno nililomjibu mtu wiki iliyopita. Kuomba nilikuwa naomba jamani, ila sala yenyewe ilikuwa inageuka wasiwasi mtupu, naanza "Baba asante kwa siku ya leo" dakika mbili baadae nipo kwenye hesabu za madeni na sijui hata nimefikaje huko. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi akanitumia video ya mtu anafunua kurasa za kitabu kikubwa polepole na kugongagonga jalada kwa kucha, haongei kitu. Nikavaa hedifoni. Kama dakika ya tatu hivi nikasikia kitu kinatembea kutoka utosini kinashuka shingoni mpaka mgongoni, ile hali unayoipata mtu akikushika nywele taratibu. Niliogopa, nikatoa hedifoni nikaanza kukemea, maana sijawahi kusikia mwili unafanya vile kwa sauti tu.

Kesho yake nikatafuta kusoma. Kumbe jina hili la ASMR alilibuni mama mmoja Mmarekani, Jennifer Allen, mwaka 2010, maana watu walikuwa wanapata huo msisimko tangu utotoni na hawana pa kuuelezea. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Swansea waliuliza watu 475 wanaotumia hizi video, asilimia 82 wakasema wanazitumia kulala, na waliosema wanatafuta msisimko wa kimapenzi walikuwa asilimia 5 tu. Alafu mwaka 2018 wa Chuo Kikuu cha Sheffield wakapima mapigo ya moyo, wale wanaosisimkaga yalishuka kwa wastani wa 3.14 kwa dakika wakiwa wanaangalia. Sio wote lakini, kuna watu hawasikii chochote na wengine sauti za kunong'ona zinawakera tu mpaka wanataka kurusha simu. Kusoma hivyo kulinituliza, nikaelewa ni mwili unafanya kazi yake, kama miayo au vinyweleo kusimama ukisikia kwaya inaimba vizuri, na mwili huu aliuumba Mungu na hizo neva zake.

Kuhusu kulala, hapo siwezi kudanganya, ilinisaidia sana. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nalala kabla ya saa tano na nusu. Zilizonifaa ni mvua, kurasa za kitabu, brashi inapita kwenye maikrofoni, na mtu anakunja nguo bila kuongea. Tumia hedifoni, maana sauti nyingi zinarekodiwa na maikrofoni mbili ili zihame kutoka sikio hili kwenda lile, ukisikiliza kwa spika ya simu unakosa karibu kila kitu. Weka sauti chini kabisa. Na pakua video mapema kama unaweza maana tangazo likiingia katikati na muziki wake wa kelele unaruka kitandani na moyo unadunda, mimi ilinitokea usiku mmoja mara tatu.

Sasa ubaya wake. Kuna zile za mtu analamba maikrofoni kama analamba sikio lako, hata wakiandika juu yake kwamba ni za kupumzika wewe usiingie, utajua mwenyewe ndani yako kwamba hapa sio pa usingizi tena. Na kuna za reiki, mtu anapunga mikono mbele ya kamera anasema anakutoa nguvu mbaya, wengine wanashika mawe wanakwambia yanakusafisha. Reiki ilianzia Japani na Mikao Usui mwaka 1922 na ni imani ya uponyaji kwa nguvu inayopita mikononi, sio mtindo wa sauti. Mimi nimeshaoshwa kwa damu ya Yesu siwezi kulala huku mtu ananitamkia usafisho mwingine masikioni, tena wakati ambao siwezi hata kupima anachosema. Shida ni kwamba unaweza kuanza na mvua ukasinzia, video zinajiendeleza zenyewe, unashtuka saa tisa unakuta mtu anakusomea karata za bahati. Zima hiyo ya kujiendeleza, tafadhali, hii ndo muhimu kuliko yote niliyoandika hapa.

Ila kilichonishika mimi sio hizo, maana hizo ni rahisi kuzikataa. Ni zile za kuhudumiwa. Mtu anajifanya anakupima macho, au ni rafiki anakuchana nywele, anaangalia kamera anakunong'oneza pole, najua umechoka, umejitahidi leo, nipo hapa. Hazina uchafu wowote. Nilikuwa na moja niliyoirudia labda mara arobaini. Mpaka usiku mmoja mimi na mume wangu tumekwazana, amenigeukia mgongo na mimi nimemgeukia mgongo, nimevaa hedifoni namsikiliza mwanamke nisiyemjua ananiambia pole, na huku namsikia mume wangu kwa mbali anavuta pumzi, hajalala. Hapo ndo nikaona. Ile pole nilitakiwa niiombe kwa huyu aliyelala pembeni yangu na nimpe yeye pia, na kabla yake nilitakiwa niende kwa Yule aliyesema tumtwike fadhaa zetu zote, na mimi nilikuwa nazipeleka kwenye video kwasababu video hainijibu na hainiambii nimekosea. Nilitoa hedifoni. Tuliongea mpaka saa saba na sikujali usingizi.

Niliacha kama wiki tatu baada ya hapo. Usingizi ukasumbua tena kidogo, sio kama mwanzo.

Watu wanapenda kutetea ASMR kwa ile habari ya Eliya, sauti ndogo ya utulivu, 1 Wafalme 19. Nimeisoma sura yote tena na tena na mimi sikubali. Ile sauti haikumlaza Eliya, ilimuuliza unafanya nini hapa, ikamtoa pangoni ikamrudisha kazini. Lakini rudi juu kidogo kwenye sura hiyohiyo, amechoka anaomba afe, amelala chini ya mti wa mretemu, malaika anamgusa anampa chakula na maji na anamuacha alale tena. Hakuhubiriwa pale. Mungu alishughulika na mwili wake kwanza. Mimi ASMR naiweka hapo chini ya mretemu, ni kitu cha mwili uliochoka, kama mto laini au maji ya moto ya kuoga, wala siioni dhambi, ila isije ikakaa kwenye nafasi ya ile sauti ya pangoni.

Kwahiyo sasa hivi naomba kwanza, kwa kutamka, hata kama ni dakika chache, na kama nina neno na mtu namalizana naye. Nasoma Zaburi ya 4 ule mstari wa nane, katika amani nitajilaza. Ndo naweka mvua au kurasa, nusu saa inajizima. Za kuhudumiwa nimeacha kabisa, mwingine anaweza asidhurike nazo, mimi najijua. Za kunong'ona maandiko nilijaribu pia, kuna moja mtu anasoma Zaburi taratibu na naipenda, lakini naisikiliza mchana maana usiku nilikuwa nasinzia mstari wa pili na nikaona nalifanya Neno kuwa dawa ya usingizi, sijapenda.

Nyota naipa ASMR nne kwa usingizi. Kama una msongo mkubwa au huzuni isiyoisha muone daktari na mtu wa kukuombea, video haitoshi. Yule dada aliyenitumia ile ya kwanza ameshaacha kusikiliza, anasema mvua ya kweli ikinyesha ndo analala, nyingine zote zinamchosha masikio.