Ubao Upi Ununue kwa Priampu ya Gitaa ya Valvu

Mchoro wa saketi huonyesha kipi kimeunganishwa na kipi, lakini haugusii urefu wa waya, wala hauonyi kwamba waya wa gridi (sehemu ya valvu, ile taa ya kioo inayokuza ishara, ambamo ishara huingilia) ukipita kando ya waya wa anodi (ambamo ishara iliyokuzwa hutokea) priampu nzima, yaani hatua inayoikuza kwanza ishara dhaifu ya gitaa, yaweza kupiga mluzi. Kwa hiyo, kabla ya kununua ubao, chora mpangilio kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya miraba ukiwa na vipuri vyenyewe mkononi, kwa maana kapasita ya 0.022 µF ya volti 630 hudai nafasi ambayo alama yake mchoroni haidokezi.

Chaguo langu la kwanza ni ubao wa fiberglasi wenye unene wa milimita 3, unaoutoboa mwenyewe na kuugongea vinara vidogo vya shaba. Vipuri hulala juu yake kwa mfuatano uleule wa mchoro, tangu ishara inapoingia hadi inapotoka, na hata rezista ikibadilishwa mara kadhaa kinara hubaki imara. Nunua ubao mtupu, kwa sababu matundu yaliyopangwa na mtu mwingine yatakulazimisha kurefusha waya. Itazame hatua ya kwanza ya valvu ya 12AX7: rezista ya gridi ya kiloomu 68 isikae ubaoni kabisa, bali ichomelewe kwenye pini ya 2 ya soketi kwa mguu mfupi kadiri inavyowezekana, ilhali ile ya kiloomu 100 ya anodi na ile ya kiloomu 1.5 ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) hukaa ubaoni, mkabala na pini ya 1 na ya 3.

Bodi ya saketi iliyochapwa ni ya pili, mradi soketi zifungwe kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma, na kuunganishwa kwa waya. Soketi ikichomelewa kwenye bodi, joto huipata bodi moja kwa moja, na kila valvu inapochomolewa njia za shaba huvutwa, mwishowe zikabanduka.

Ubao wa matundu yenye pete za shaba, mtindo uliotumiwa na Fender kwa miaka mingi, ni wa tatu. Chagua wa fiberglasi, kwani ule wa nyuzi zilizogandamizwa hufyonza unyevu, na kwa volti 250 au 300 umeme huanza kuvuja ndani ya ubao wenyewe, ukaleta mikwaruzo isiyotibika kwa kubadilisha kipuri chochote.

Vipande vyenye masikio ya chuma ya kuchomelea vipuri vinatosha kwa saketi ya valvu moja.

Bodi ya mistari ya shaba yenye matundu kila milimita 2.54 usiinunue kwa kazi hii: nafasi kati ya mstari na mstari ni finyu mno kwa volti hizo, na chembe moja ya risasi yatosha kuiunganisha.