Amplifaya ya Boss Katana-50 MkII katika ibada: tathmini ya mpiga gitaa wa Malindi

Mpiga gitaa la umeme katika kikundi cha sifa na kuabudu ana kazi mbili ambazo hazipatani kwa urahisi: anatakiwa asikike vya kutosha ili wimbo uwe na nguvu, na papo hapo anatakiwa asizifunike sauti za waumini, kwa kuwa kuimba kwao ndiyo ibada yenyewe. Nimeipima amplifaya hii kwa kipimo hicho kabla ya kingine chochote. Ninaitumia katika kanisa la ukubwa wa kawaida mjini Malindi, upande wa Kisumu Ndogo, lenye kuta za mawe ya matumbawe, paa la mabati lisilo na dari, na madirisha ambayo kwa sababu ya joto hubaki wazi ibada nzima. Makanisa mengi kutoka Watamu hadi Mambrui hayatofautiani sana na hilo.

Katana-50 MkII ilitengenezwa na Boss, iliyo chini ya kampuni ya Roland ya Japani, na ilitoka mwaka 2019. Toleo la tatu lilifuata mwaka 2024, lakini hili la pili bado linapatikana, hasa kwa wanaouza vifaa vilivyokwisha kutumika. Haina valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti katika amplifaya za mtindo wa zamani. Ina spika moja ya inchi 12 na uzito wa kilo 11.6, kwa hivyo mtu mmoja huibeba na kuipakia kwenye tuktuk bila kuomba msaada.

Sehemu yake ninayoithamini kuliko zote ni swichi ya nguvu, yenye hatua tatu: wati 0.5, wati 25 na wati 50. Watu wengi hudhani kwamba wati 25 ni nusu ya sauti ya wati 50, ilhali sikio halisikii hivyo. Nguvu ikipunguzwa kwa nusu, sauti hushuka kwa desibeli 3 tu, na waumini walioketi nyuma huenda wasitambue kwamba kuna kilichobadilika. Ukitoka wati 50 hadi 0.5, nguvu imegawanywa kwa 100, na sauti hushuka kwa desibeli 20, ambazo sikio huzipokea kama robo hivi ya ukubwa wa mwanzo. Katika hatua hiyo unaweza kufungua kidhibiti cha Master, yaani cha sauti kuu, kupita nusu, mahali ambapo sauti hupata uzito na kila mguso wa kidole hujibiwa, huku mama anayeimba katika safu ya mbele bado anaisikia sauti yake mwenyewe. Amplifaya za valvu, mathalani Vox AC30 ya Uingereza ambayo wapiga gitaa wengi wa ibada huko Ulaya na Marekani wanaipenda, zina uzuri wa pekee nisioubeza, lakini utamu wake hutoka zikiwa zimefunguliwa sana, na chini ya mabati yetu wati 30 za valvu zingemeza kwaya nzima. Tena tuna majirani, wengi wao si wa imani yetu, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinagusa nyumba za ibada pia. Usiku wa kesha sijapata kuhitaji zaidi ya hizo wati 0.5.

Kwa upande wa sauti, amplifaya ina tabia tano zinazochaguliwa kwa kuzungusha: Acoustic, Clean, Crunch, Lead na Brown. Mbili za mwisho sizitumii kanisani. Kwa nyimbo za sifa zenye mwendo wa sebene, au zile zenye mapigo ya Kigiriama ambazo kwaya zetu huzipenda, hubaki katika Clean, nikapunguza besi, nikaongeza kidogo sauti za juu, na mwangwi wote nikauzima. Besi naipunguza kwa sababu uzi mnene wa gitaa uko kwenye hezi 82, eneo ambalo gitaa la besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda wamekwisha kulijaza, na watatu wakigombea pahala pamoja hakuna hata mmoja anayesikika vizuri. Mwangwi nauzima kwa kuwa sebene hujengwa kwa noti fupi zinazopishana na gitaa la pili, na noti ikirefushwa huikanyaga ya mwenzake. Isitoshe, paa la mabati limekwisha kutupa mwangwi ambao hatukuuomba.

Wakati wa kuabudu mambo hugeuka. Hapo mwangwi wa kurudia ndio unaobeba wimbo, na ubora wake unategemea uende sawa na mapigo. Wimbo wa mapigo 72 kwa dakika una milisekunde 833 katika kila pigo. Mtindo unaopendwa katika nyimbo za kuabudu huhitaji robo tatu ya muda huo, yaani milisekunde 625. Katana ina kitufe cha Tap ambacho hubonyezwa kwa mapigo ya wimbo ili mwangwi uyafuate, mradi mpiga ngoma awe mtu asiyeyumba. Kila kundi la efekti, yaani mageuzi ya sauti kama mwangwi, hushika chaguo tatu kwa rangi, kijani, nyekundu na njano, ambazo unaweza kuzibadilisha nyumbani kwa kompyuta kupitia programu ya Boss Tone Studio, na mipangilio minne huhifadhiwa ndani ya amplifaya. Hata hivyo, pedali ya kubadilishia mipangilio hiyo kwa mguu huuzwa kando. Ninashauri kanisa liiweke katika bajeti tangu mwanzo, kwa sababu mpigaji anayeinama kubonyeza vitufe wakati mchungaji anaongoza maombi huwaondolea watu utulivu.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya fundi mitambo. Amplifaya ina tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, lakini ukichomeka kebo humo, spika yake hunyamaza, na mpigaji asiye na monita, spika ya kumrudishia sauti yake, hubaki hajisikii. Dawa yake ni kuiacha spika ilie na kuweka maikrofoni mbele yake. Shure SM57 hufaa sana, na SM58, ambayo makanisa mengi tayari yanayo, hufanya kazi hiyo vizuri pia, ikiwekwa kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye kitambaa na pembeni kidogo ya kitovu cha spika. Usiiweke amplifaya sakafuni ikiwatazama waumini. Sauti za juu hutoka kwenye spika zikienda moja kwa moja, hivyo hupita miguuni mwa mpigaji. Naye, asipozisikia, huziongeza, na wanaoumia ni walioketi mbele. Iinue juu ya kiti, iegemeze nyuma, na uielekeze kwenye sikio lako.

Kuhusu pwani yetu, hewa ya chumvi hula matundu ya kebo na viunganishi, kwa hivyo ifunike kwa kitambaa cha pamba, wala si nailoni inayofungia unyevu ndani. Jenereta inapowashwa, zima amplifaya kwanza. Na kama unainunua kutoka nje, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa: iliyotengenezewa soko la Japani, volti 100, au la Marekani, volti 120, haifai kuchomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 240.

Katika mikutano ya injili ya uwanjani nimeiacha katika wati 25 ikiwa na maikrofoni mbele yake, na spika kubwa zikamalizia kazi. Kwa hiyo sioni sababu ya kanisa la kawaida kulipia Katana-100, ndugu yake ya wati 100, isipokuwa mpigaji wake awe na pedali nyingi anazotaka kuzipitisha katika njia ya efekti, yaani matundu ya kuunganishia pedali ndani ya amplifaya, kwa kuwa toleo la 50 halina njia hiyo.