Do not au don't: ipi ya kuandika, ipi ya kusema

Kijana wa Kirumba, Mwanza, anayemwandikia barua pepe mnunuzi wa minofu ya sangara aandike “We do not have fish today”. Umbo kamili lina heshima ya kiofisi, na kwenye barua ya kuomba kazi nalishauri bila kusita.

Kijana huyohuyo akiwapokea watalii wa kisiwa cha Saanane, aseme “don't”. Katika mazungumzo, “do not” hutilia mkazo. Akiitumia kila mara, mgeni atahisi anakaripiwa.

Kinachowasumbua wengi ni ritifaa, yaani alama ya ('). Hukaa pale herufi ilipodondoka, si pale maneno yalipoungana. “Not” imepoteza o, kwa hiyo ni “don't”, kamwe si “do'nt”. Na tafadhali, tuwe makini hapa: “it's” ni “it is” au “it has”, wakati “its” ni ya umiliki. Mtumbwi na injini yake ni “the boat and its engine”, bila ritifaa.

Jibu fupi la kukubali halifupishwi. Ukiulizwa “Are you from Mwanza?”, jibu “Yes, I am”, si “Yes, I'm”. Kukataa kunafupishika: “No, I'm not.”